Serikali iliyouza afyuni ndiyo iliyofungua hospitali ya kuacha afyuni: Taipei 1930, ilikuwa tiba kweli au geresha?

Mdadisi_K

Wakuu habari za saa hizi. Naomba wanaojua historia ya Asia mnisaidie maana nimekwama. Nimekuwa nasoma mambo ya Taiwan ilipokuwa koloni la Japani, yaani 1895 mpaka 1945, nikakutana na habari ya hospitali moja pale Taipei inaitwa Koseiin. Ilifunguliwa 1930 na kazi yake ilikuwa moja tu, kutibu waraibu wa afyuni. Na aliyekuwa anaongoza matibabu alikuwa Mtaiwan, Dokta Tu Tsung-ming, siyo Mjapani, jambo ambalo kwa zama zile za ukoloni ni kubwa.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Serikali iliyofungua hospitali ndiyo hiyohiyo iliyokuwa na ukiritimba wa afyuni kisiwani, kiwanda chake, maduka yenye leseni yake, na mvutaji anatembea na kibali cha serikali mfukoni. Miaka zaidi ya 30 wanauza, afu unasikia wamefungua hospitali ya kuwaachisha watu kitu walichokuwa wanawauzia wenyewe. Mimi hapo akili inagoma. Walipata uchungu na watu ghafla? Walibanwa na nani? Na je humo ndani watu walitibiwa kweli wakapona au ilikuwa jengo la kuonyesha wageni tu? Maana mwandishi mmoja anasifia mpaka unaona hospitali ya malaika, mwingine anasema ilikuwa propaganda tupu, na wote wawili hawasemi mgonjwa akiingia pale alikuwa anafanyiwa nini hasa.

Mwenye kujua anielimishe taratibu, sina haraka.

Mzee wa Nyaraka

Mdadisi swali zuri sana hili. Kwanza usiitenganishe hospitali na biashara, vyote vimetoka kwenye sera moja, na ukiifuata hiyo sera toka mwanzo utaona mwenyewe kwa nini hospitali ilichelewa vile.

Wajapani walipokabidhiwa Taiwan 1895 baada ya kuishinda China vitani, kwao nyumbani afyuni ilikuwa marufuku kabisa. Kufika kisiwani wanakuta watu wanavuta, tena siyo wachache, wakulima wamo, wapagazi wamo, matajiri wamo, wagonjwa ndo usiseme. Huko Tokyo wakagawanyika, kuna waliotaka ipigwe marufuku mara moja, na kuna walioogopa kwa sababu Wataiwan wengi bado walikuwa na silaha wanapambana na jeshi la Japani, sasa ukimnyang'anya mtu kiko chake leo, kesho yuko upande wa waasi. Hapo ndo akaingia Gotō Shinpei, ambaye kitaaluma alikuwa daktari na ndiye mkuu wa idara ya afya kule Japani. Akaleta njia ya katikati: serikali ichukue biashara yote mikononi mwake, wale ambao tayari ni waraibu wachunguzwe, waandikishwe, wapewe kibali cha kununua, na ambaye hajaanza asiruhusiwe kuanza. Wa zamani wakishapungua, afyuni nayo inaisha. Sheria ikatoka 1897, na mwaka uliofuata Gotō mwenyewe akapelekwa Taiwan kuendesha utawala wa kiraia chini ya gavana mkuu Kodama.

Ukiisoma kwenye karatasi ni sera ya kitabibu. Ila angalia ilivyotembea. Afyuni ghafi ilikuwa inaagizwa kutoka India, Uajemi na Uturuki, inapikwa kwenye kiwanda cha serikali Taipei, inauzwa kwa madaraja 3 ili tajiri apate yake na kibarua apate yake. Leseni za kuuza wakapewa Wataiwan waliokuwa karibu na serikali, kwa hiyo ikawa pia njia ya kuwashika watu wenye ushawishi. Polisi ndo anasimamia daftari. Kufikia 1900 walioandikishwa walikuwa zaidi ya 169,000 kwenye kisiwa chenye watu chini ya milioni 3. Miaka ile ya mwanzo hela ya afyuni ilikuwa nguzo ya bajeti kabisa, koloni lilikuwa linakula hela ya Tokyo, na Gotō alitaka lijitegemee haraka. Hata masalia ya kiwandani yenye mofini, ile dawa kali ya maumivu inayotolewa kwenye afyuni, yalipata mnunuzi, kampuni ya dawa ya Hoshi ya kule Japani ilijenga utajiri mkubwa hapo mpaka mambo yakaishia mahakamani mwaka 1925.

Sasa fika mwishoni mwa miaka ya 1920. Wenye vibali wamebaki chini ya 30,000 na serikali inatembea kifua mbele kwenye mikutano ya kimataifa, tazameni sera yetu inavyofanya kazi. Lakini ukiuliza hao zaidi ya laki walienda wapi, jibu kubwa ni kwamba walikufa. Daftari lilipungua kwa sababu wenye majina yao walizeeka na kuzikwa, walioacha walikuwa sehemu ndogo. Serikali ilikuwa na kiwanda toka siku za mwanzo, ila hospitali ya kumsaidia mtu aache ilikuja baada ya miaka 30 na ushee. Mimi nikiangalia sera hii hilo ndo linaniuma kuliko yote, kwamba mpango wenyewe ulikuwa ni kusubiri watu wafe huku wakiendelea kulipa.

Kilichovunja ukimya ni mambo mawili yaliyokutana. La kwanza, mkataba wa afyuni wa Geneva wa 1925, Japani ikawa ndani, ikabidi sheria ya Taiwan ifanyiwe marekebisho 1928, adhabu zikaongezwa na suala la kutibu waraibu likaingizwa. La pili, mwishoni mwa 1929 serikali ikatangaza kwamba wanaovuta kwa siri bila kibali wajitokeze waandikishwe upya. Uandikishaji wa mwisho ulikuwa 1908! Wakajitokeza watu kama 25,000. Wataiwan walipoona hivyo wakawaka, maana miaka yote waliambiwa afyuni inaisha, kumbe mlango unafunguliwa tena.

Na aliyeongoza kelele alikuwa daktari pia, Chiang Wei-shui, mwenye hospitali yake mtaa wa Dadaocheng na kiongozi wa Taiwan Minzhongdang, chama cha siasa cha Wataiwan. Mwanzoni mwa Januari 1930 chama kikatuma telegramu moja kwa moja kwa Shirikisho la Mataifa pale Geneva, ule umoja wa nchi uliokuwepo kabla ya Umoja wa Mataifa, kikiruka vichwa vya Wajapani wote. Fikiria watu wa koloni wanamshtaki mkoloni kwa wakubwa wenzake, tena kwenye kitu anachojisifia. Hospitali ya Koseiin ikafunguliwa mwezi huohuo. Mpango wake ulikuwa umeanza kuandaliwa 1929, sisemi telegramu ndo iliijenga, ila telegramu ilifanya isiwezekane tena kuiacha iwe kibanda cha maonyesho.

Upande wa tiba nawaachia wenye fani yao.

Nesi wa Zamu

Asante Mzee wa Nyaraka, nimesoma yote. Mimi kazi yangu ni wodini na nimehudumia waraibu kwa muda mrefu, kwa hiyo Tu Tsung-ming kwangu ni mtu mkubwa na nashangaa hatajwi kabisa tunapofundishwa.

Kwanza mjue alikuwa nani. Alizaliwa 1893 upande wa Tamsui kaskazini mwa Taiwan, akasoma shule ya udaktari ya Taipei, akaenda Kyoto na 1922 akawa Mtaiwan wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa ya tiba. Fani yake ilikuwa famakolojia, yaani namna dawa inavyofanya kazi mwilini, na alijichagulia mambo matatu ya kuyatafiti maisha yake yote: afyuni, sumu ya nyoka na miti shamba ya Kichina. Yaani alichukua matatizo ya watu wa kwao, hakwenda kutafuta ya Ulaya.

Kabla ya Koseiin alianzia kwa ombaomba. Kulikuwa na kijana anaitwa Shi Qian aliyeacha ajira ya serikali, akajenga makazi ya ombaomba mtaa wa Wanhua mwaka 1923, yanaitwa Ai-ai-liao. Wengi wa wale ombaomba walikuwa mateja wa afyuni, na Tu akaanza kuwatibu palepale. Kuna watu wanaandika kama vile serikali ilimchukua profesa toka maabara ikampa hospitali, hapana, alikuwa ameshashika wagonjwa kwa mkono wake, tena wale ambao hakuna aliyetaka kuwagusa. Alisafiri pia Korea na China kuona wenzake wanafanyaje.

Sasa tatizo lenyewe. Mtu aliyezoea afyuni miaka 20 ukimnyima ghafla, arosto inamshika ndani ya siku moja. Anapiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanatoka bila mafua, vinyweleo vinasimama, jasho la baridi, tumbo linasokota anaharisha, mifupa inauma kama inapasuliwa, na usingizi haupo kabisa siku nyingi. Kwa kijana mwenye afya ni mateso ila anavuka. Kwa mzee mwenye kifua kibovu na moyo dhaifu anaweza kufia hapo. Na kwenye miji mingi ya Asia enzi zile njia mbili ndo zilikuwa maarufu, kumfungia mtu chumbani mpaka arosto ipite, au kumuuzia vidonge vya "kuacha afyuni" ambavyo ndani yake vina mofini au heroini, anaacha kiko anahamia kidonge.

Tu alichofanya ni kupunguza kwa hesabu. Mgonjwa anaachishwa kiko toka mwanzo, anapewa mofini kwa kipimo kinachojulikana, halafu kipimo kinashushwa kidogokidogo kwa ratiba, pamoja na dawa nyingine za kutuliza zile dalili za tumbo, jasho na wasiwasi, mpaka anafika sifuri. Faida ya kuhama toka kwenye kiko kwenda kwenye mofini ni kwamba moshi huwezi kuupima, huyu anavuta sana yule kidogo, afyuni ya leo kali ya kesho hafifu, lakini mofini unajua umempa kiasi gani asubuhi na jioni. Na kule kulala ubavu, taa ndogo, kuchoma donge la afyuni kwenye ncha ya sindano juu ya taa, harufu, wenzako pembeni, hayo yote yanakatwa siku ya kwanza. Anayehudumia waraibu anajua hayo mazoea yanavuta mtu nusu ya safari.

Halafu kuna hili la mkojo. Zamani ukitaka kujua mtu anavuta au havuti, unamfungia unamwangalia kama arosto itamshika, yaani kipimo chenyewe ni mateso, na asiye na hatia naye anakaa ndani. Tu na wenzake wakatengeneza njia ya kugundua mofini kidogo sana kwenye mkojo kwa kemia. Miaka ya mwanzo ya 1930 hiyo jamani. Leo kupima dawa za kulevya kwa mkojo kumeenea dunia nzima, kazini, michezoni, hospitalini, na yeye ni mmoja wa waliotangulia kabisa. Kwa mgonjwa aliyetoka hospitali ilikuwa na maana nyingine pia, polisi akimshuku mtu, kuna kipimo cha kumtetea.

Kwa miaka 16 ya Koseiin, mpaka 1946, waliotibiwa walipita 11,000. Hayo siyo maonyesho.

Kipanga

Nesi nakuheshimu ila mi naomba tusimpambe mkoloni kupitia mgongo wa daktari mzuri. Tu alikuwa mtu safi sikatai. Lakini angalia Japani ileile ilikuwa inafanya nini nje ya kuta za Koseiin miaka hiyohiyo. Wamechukua Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, 1931, mwaka uliofuata wameunda huko dola kibaraka la Manchukuo, na haraka sana wakaanzisha kule ukiritimba wa afyuni kwa kufuata mfano wa Taiwan, hata maneno ni yaleyale, eti kupunguza taratibu. Kule Xiamen, ng'ambo tu ya mlango bahari wa Taiwan, kulikuwa na magenge ya watu wenye uraia wa Japani wakiwemo Wataiwan wanaendesha vijiwe vya kuvutia afyuni, na polisi wa China hawawezi kuwagusa kwa sababu wana kinga ya ubalozi mdogo wa Japani. Taiwan kwenyewe mashamba ya koka, mmea wa kutengenezea kokeini, yalikuwepo. Sasa unatibu watu wangapi hapa wakati ng'ambo pale unazalisha wengine mara 100?

Na usisahau ile tume ya Shirikisho la Mataifa. Wajumbe walifika Taiwan Februari 1930, hospitali haijamaliza hata miezi miwili. Hiyo haikutokea kwa bahati. Mgeni anakuja, unapaka nyumba rangi.

Swali langu kwa Nesi, hao 11,000 walikuja wenyewe au waliletwa?

Mdadisi_K

Dah, asanteni sana, najifunza hapa. Kipanga umeuliza na mimi nilichotaka kuuliza. Naongeza lingine kwa Mzee wa Nyaraka, kabla ya hospitali hiyo miaka 30 yote Wataiwan walikaa tu wanasubiri serikali? Hakuna aliyejaribu kuacha kwa njia zao wenyewe? Na hao wajumbe wa Geneva walipofika walisikiliza upande wa wananchi au walizungushwa na serikali tu?

Mzee wa Nyaraka

Mdadisi hapo kwenye njia zao wenyewe ndo kuna habari ambayo naona ingetakiwa ianze kabla ya Koseiin kwenye kila maelezo.

Miaka ya 1899 mpaka 1901 hivi kulitokea vuguvugu kubwa vijijini Taiwan la kuacha afyuni kupitia kumbi za ibada. Ilikuwa hivi, ukumbini kuna mtu anashika kijiti chenye pembe mbili, anapandwa na roho ya mungu, kijiti kinaandika kwenye mchanga, wa pembeni anasoma na mwingine ananukuu. Ujumbe ukawa unatoka kwamba mungu anaamuru watu waache afyuni. Mvutaji anakuja anaapa mbele ya madhabahu na kijiji kizima kinamwona, anakunywa maji yenye majivu ya ubani kama dawa, anavunja kiko chake. Na watu waliacha kwelikweli, maelfu kwa maelfu, mpaka mauzo ya serikali yakashuka. Siyo kwamba yale majivu yalikuwa na kemikali. Mtu ameapa mbele ya mungu na majirani, ndugu wanamshika mkono siku zile mbaya, na hakuna anayemkaribisha kiko maana jirani naye ameapa.

Serikali ilifurahi? Polisi waliwafuatilia, wakawaita viongozi, wakazitisha kumbi, wakatangaza ni ushirikina na hatari kwa usalama, na kufikia mwishoni mwa 1901 vuguvugu likawa limezimwa. Ni kweli waliogopa siasa pia, mikusanyiko ya usiku vijijini wakati uasi haujaisha. Lakini ripoti zao wenyewe zilikuwa zinahesabu mapato yaliyopotea. Kwa hiyo Kipanga kwenye hili mimi na wewe tuko pamoja, watu walipojaribu kujiponya wenyewe mwaka 1901 walikatazwa.

Kuhusu wajumbe wa Geneva, tume iliongozwa na Mswidi, Eric Ekstrand, ilikuwa inazunguka nchi za Mashariki kuchunguza uvutaji wa afyuni. Serikali ilitaka wazungushwe kwa ratiba yake. Ila Chiang Wei-shui na mwanasiasa mwenzake wa Taiwan, Lin Hsien-tang, walifanikiwa kuonana nao tarehe 1 Machi 1930 kwenye Hoteli ya Reli ya Taipei, wakasema yao. Kesho yake, tarehe 2, gazeti lililokuwa mdomo wa serikali likatoa makala ya Lian Heng, mwanahistoria mkubwa kabisa wa Taiwan, akitetea kwamba afyuni iliwasaidia mababu kufyeka ardhi yenye malaria na kwamba sera ya serikali ni nzuri. Iliwaumiza watu sana. Chama cha washairi alichokuwemo kikamfukuza.

Halafu kuna jambo moja watu hawaliunganishi. Chiang na Tu walikuwa marafiki toka shule ya udaktari. Mwaka 1913 wakiwa vijana walikuwa kwenye mpango mmoja wa hatari, Tu alisafiri na mwenzao mwingine mpaka Beijing wakiwa na vimelea vya kipindupindu wakitaka kumuua rais wa China, Yuan Shikai, kupitia maji. Wakashindwa kukaribia, wakarudi. Sasa miaka 17 baadaye mmoja yuko nje anaishtaki serikali kwa dunia na mwingine yuko ndani anapokea mshahara wa serikali hiyo na kuendesha hospitali yake. Wapo waliomwona Tu kama ametumika. Mimi sioni hivyo. Bila kelele za Chiang hospitali ingebaki jina, na bila Tu zile kelele zingejibiwa na daktari wa kuandika ripoti nzuri. Chiang hakukaa kuona matokeo, chama chake kilifutwa Februari 1931 na mwezi Agosti mwaka huohuo homa ya matumbo ikamuua, akiwa na umri wa miaka 40.

Nesi wa Zamu

Kipanga swali lako ni la haki na nalijibu wazi, wengi waliletwa. Wale karibu 25,000 waliojitokeza kuomba kibali walichunguzwa na madaktari, na sehemu kubwa, hasa ambao uraibu wao haukuwa mzito, wakaelekezwa kwenye matibabu badala ya kupewa kibali. Polisi ndo walikuwa na majina, na hospitali za serikali za mikoani nazo zikafunguliwa vitengo vya kuachisha afyuni kwa njia ileile ya Taipei. Kwa hiyo usimwazie mgonjwa aliyeamka asubuhi akaamua. Ni mtu aliyejiandikisha akitegemea kibali cha kuvuta, akajikuta wodini. Mimi kama nesi hilo halinipendezi, najua mtu asiyekuwa tayari anavyokuwa mgumu, na ndiyo maana waliorudia walikuwepo.

Ila hapohapo ndo unaona tofauti ya Tu. Mtu ameletwa na polisi, ungeweza kumfungia tu akateseka kimyakimya kwenye kuta za serikali, nani angeuliza? Yeye akahakikisha hata huyu aliyeletwa hafi kwa arosto wala hadhalilishwi, na kila mgonjwa akafunguliwa faili la maswali mengi kweli: umri, kazi, kipato, ulianza ukiwa na miaka mingapi, unavuta kiasi gani kwa siku, nani alikuonjesha, na kwa nini. Wagonjwa hawa hakuna aliyewahi kuwauliza hayo, wao kwa serikali walikuwa namba ya kibali na kiasi cha manunuzi.

Na kwenye jibu la kwa nini ndo kuna kitu ambacho nakibeba mpaka leo kazini. Sababu iliyoongoza haikuwa starehe. Ilikuwa ugonjwa. Mtu alikuwa na tumbo, kikohozi kisichoisha, maumivu ya viungo, kuharisha, na kijijini hakuna daktari wala dawa, na afyuni kiukweli inazuia kuharisha, inakata kikohozi, inaua maumivu. Alivuta akapata nafuu, akavuta tena. Waliofuata mkumbo wa marafiki na anasa walikuwepo, ila siyo wao waliojaza orodha. Sasa unganisha na maelezo ya Mzee wa Nyaraka: serikali ilisambaza maduka ya afyuni kisiwa kizima, na mgonjwa wa kijijini duka la afyuni lilikuwa karibu naye kuliko daktari.

Kuhusu mwisho wake, ukiritimba wa afyuni ulisimamishwa 1945 vita ikiwa ukingoni na Koseiin ikafungwa 1946 baada ya kumaliza waraibu waliobaki. Wala sidai ni hospitali pekee iliyoimaliza afyuni Taiwan, vita ilikata meli na watu wa zamani walikuwa wameshapungua. Tu akaenda kuongoza kitivo cha tiba cha chuo kikuu cha Taiwan, na 1954 akaanzisha chuo cha udaktari cha Kaohsiung. Mwanafunzi wake Lee Chen-yuan akaendeleza ule utafiti wa sumu ya nyoka mpaka ukajulikana duniani.

Mdadisi, uliuliza kama walipona. Wodini afyuni waliiacha, kipimo cha mkojo kilionyesha, ingawa kama nilivyosema waliorudia walikuwepo. Ila kwa mtu aliyeanza kuvuta kwa sababu ya kifua au tumbo, ukishaitoa afyuni mwilini yale maumivu ya miaka 20 yanarudi yote kwa mpigo, maana yalikuwa yamefunikwa tu. Kwa hiyo ukisoma tena ile idadi ya waliotibiwa, jiulize ni wangapi walirudi nyumbani na ule ugonjwa wa kwanza ukiwa umetibiwa, kwa sababu kwa mraibu wa namna hiyo hapo ndo kazi ya daktari inapoanza.

Kipanga

Nesi hapo kwenye duka la afyuni kuwa karibu kuliko daktari umenikamata. Geresha kwa upande wa serikali bado nasema ilikuwepo, na ya Manchukuo siyafuti. Lakini wodini nakubali ilikuwa tiba. Mzee wa Nyaraka, kama una zaidi kuhusu zile kumbi za 1901 fungua mada yake kabisa, mi nitakuwa wa kwanza kusoma.